Kilele cha Seneta Pruitt

Washington, 9 Machi 1886

Kaka yangu mpendwa Josiah,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, shemeji Lavinia na watoto hamjambo. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha baridi hakijaniacha. Hongera kwa kuteuliwa mkuu wa posta pale kwetu. Nasikia ni Seneta Pruitt aliyekupendekeza.

Hapa Idara ya Ramani hakuna anayemwamini mwenzake. Desturi yetu unaijua: bajeti ikikaribia, mkubwa wetu, Profesa Wickersham, huchagua kilele huko magharibi na kukipa jina la seneta, naye seneta akipendezwa hutupigia kura. Lakini tangu vuli siri zetu zote zinamfikia Pruitt, anayetaka kumng'oa Profesa ili amweke mpwa wake, mtu asiyejua mlima wala kichuguu.

Profesa alituambia kikulacho ki nguoni mwako. Akamshuku mchoraji mwenzangu, Lemuel Ott, kwa kuwa alionekana akila chaza na karani wa Pruitt. Ott alilia mbele yetu, akauliza jamani, siku hizi chaza nao ni uhaini? Akafukuzwa hivyo hivyo. Ana watoto watano.

Mimi nilinyamaza, kaka, na aibu hiyo inanila. Nilikuwa nimeanza kujiuliza ni nani mwingine ninayemsimulia mambo ya ofisi, nikampata mmoja tu.

Kwa hiyo nilikudanganya. Ile barua ya Januari, niliyokuandikia kwamba Profesa, kwa dhihaka, amempa Pruitt kilele kifupi kuliko vyote, ilikuwa uongo mtupu. Kilele hicho hakipo. Niliketi nikakibuni, na sikumwambia mtu mwingine yeyote.

Jana Pruitt aliingia kwenye kamati uso umemwiva, akapiga meza, akataka aonyeshwe kile kichuguu alichopewa. Profesa aliapa hajui anazungumzia nini. Mimi ndiye niliyeshika ramani, nikaikunja.

Kesho nitamweleza Profesa kila kitu, Ott arudi kwenye kiti chake nami niondoke, kwani mdomo wa kwanza kuvuja ni wangu. Akiuliza nilimwandikia nani, nitamtajia jina lako.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Wakiketi mezani, kumbuka kwamba mkate wanaokula ulikuwa wa watoto wa Ott.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Ansel