Gauni Lako Limemtosha Anti Nafula

Mama,

Nisamehe nimekawia kukuandikia. Mtoto alikuja baada yako, msichana, tukampa jina lako, na kila nikishika kalamu analia. Leo amelala, na kuna jambo limenikaa kifuani.

Tulipogawa nguo zako baada ya mazishi, mdogo wako Anti Nafula alichukua lile gauni la samawati la akina mama wa kanisa. Lilimpwaya kama gunia, tukacheka hata na ule msiba. Fundi akataka kulipunguza. Anti akakataa, akasema litabaki vile uliliacha.

Jumapili alilivaa. Mama, limemkaa. Kiunoni linambana pale pale lilipokuwa linakubana wewe. Akina mama wakamzunguka nje ya kanisa na vigelegele, wakamwambia ni kama dada yake amerudi, na kwamba biashara ya mahindi kule Turbo imemkubali. Anti akageuka waone na mgongo. 

Wewe pia tulikusifu hivyo. Ulipoacha kuona mwezi kwa ajili ya umri, tumbo likaja, sukari ikapanda, presha ikafuata, na sisi tukasema umepumzika, umenona. Ulikuwa unajipiga kiunoni ukisema, "Hii ndiyo pensheni yangu." Halafu ukaanza kujibonyeza chini ya kwapa ukidhani hatuoni.

Nilimuuliza nesi siku ya chanjo ya mtoto. Alisema mwanamke akishamaliza hedhi, mafuta ya mwili ndiyo yanabaki kutengeneza ile homoni inayoweza kulisha saratani ya matiti, na sukari ikiwa juu hatari inazidi. Si kila mwenye tumbo ataugua, na wembamba pia wanaugua. Lakini aliyezika dada kwa ugonjwa huo, alisema, asikae akingoja.

Nikaenda Turbo. Nilimkuta Anti amekaa juu ya magunia na kikombe cha chai, sukari kibao. Nikamweleza yote. Akaniangalia huu mwili ulioisha kwa kunyonyesha, akasema, "Unataka nikonde kama wewe, watu waseme ninaumwa?" Wateja wakacheka, Anti naye akacheka. Halafu, akiwa bado anacheka, akajibonyeza chini ya kwapa.

Sikubishana naye. Nilimwambia Jumatatu nitakuja na mtoto mgongoni, nikae juu ya hayo magunia mpaka ayafunike twende hospitali.  

Pumzika, Mama. Nakuahidi lile gauni hatutaligawa tena.

Nitumie tu vitu hivi vitatu: ile sauti uliyokuwa unaniamsha nayo niende shule, ambayo hakuna mtu aliibishia. Usingizi mzito kwa mtoto, tukiwa kwenye foleni. Na daktari akishamaliza kumpapasa Anti, tia kinywani mwa huyo daktari neno moja, lile ambalo wewe hukuambiwa kwa kuchelewa: mapema.