Mji Mlionipa

Aikande mwanangu,

Maharage yameiva, yamebaki chumvi tu. Mbuzi apewe majani ya migomba.

Jana jioni niliwategea kitendawili: mgeni gani hali, hanywi, lakini akiongea bibi ananyamazishwa? Hakuna aliyegeuza shingo kutoka kwenye televisheni yenu mpya. Nikasema basi, nipeni mji. Wewe, mtu mzima, ukanijibu, "Chukua Usa River, mama, tusikie habari."

Haya, nimeuchukua. Niko huko Usa River kwa dada yangu Elieshi, ambako ukisema "Kitendawili!" bado watu wanaitikia "Tega!"

~~Narudi Jumamosi.~~ Nitarudi nikipenda, mji ni wangu.

Jibu liko sebuleni. Mmelifunika kwa kitambaa nilichofuma mimi.

Bibi yao