Binamu Ameniita Kaka

Jumanne, juu ya Misigiri

Mguu wa Yohana umevimba kama kibuyu, na kosa ni langu. Niandike tu.

Asubuhi tuliiacha Hiace huku juu, ile tuliyong'oa viti tukatandika godoro ili tusilipie gesti, tukashuka korongoni kwa miguu. Wazee wawili wenye magoti mabovu, mimi mbele, yeye nyuma.

Mara nikamsikia, "We fisi, nimeanguka! Njoo unitoe!"

Nikacheka. Yohana ni mtoto wa mjomba, mtani wangu wa kuzaliwa, na safari hii alishajifanya amekufa mara mbili. Nikamjibu, "Kufa taratibu, ng'ombe zako nitarithi mimi!" Nikakaa kwenye jiwe nikamaliza karanga zake.

Aliponyamaza ndipo nikarudi. Nilimkuta amebanwa katikati ya mawe, jua la saa saba linamchoma usoni, midomo imekauka.

Tumepanda kwa kutambaa mpaka jua likazama. Taa za gari ni mbovu, na kushuka mlima huu gizani ni kujichimbia kaburi. Tunalala hapa hapa.

Sasa hivi nimempa uji. Akasema, "Asante, kaka."

Kaka! Tangu utoto ananiita fisi; kaka ni wa heshima, hataniwi. Nimemtukana yeye, nikamtukana na babu yake, ambaye ni babu yangu pia. Ananitazama tu kwa upole.

Kukipambazuka nampeleka hospitali. Njia nzima nitamtukana mpaka anijibu.