Kuchuna Fensi ya Mtu

Bern, Jumapili usiku, Mei 1994

Leo hatukuwa na darasa la kusindika maziwa lililonileta huku Uswisi, nikazunguka mji kwa miguu. Ni mdogo, unaumaliza kabla hujachoka. Nilikuwa namwaza Mama, anavyochuna majani chai peke yake kule kwetu Kapkatet, Kenya. Kumbe mkono wangu unachuna fensi ya miti ya mtu, majani mawili na chipukizi, kama nyumbani.

Mwenye nyumba akaita polisi.

“Kwa nini unachuna?” polisi akaniuliza.

“Hata sikujua nachuna.”

Hakucheka. Akaandika jina langu. Kesho mwalimu ataambiwa, na nikirudishwa nyumbani nitamwambia Mama nini?

Mfuko wa koti umejaa hayo majani. Sijui niyatupe wapi nisionekane.