Ardhi Chini ya Jiko

Ottumwa, Iowa
12 Machi 1979

Mpendwa Mama,

Goti linaendeleaje, na theluji imeacha kukufungia ndani? Mimi mwili mzima, moyo ndio umechafuka. Kampuni iliyonikodishia jengo na jina lake imefungua mgahawa mwingine wa baga barabara hii hii, jengo kama langu, bango kama langu. Nusu ya wateja wangu wamehamia huko. Nilimwendea Bwana Prewitt wa kampuni, nikamuuliza wananifanyiaje hivi wakati nimetia humo urithi wangu wote. Hakuona hata haya.

"Rhonda, sisi hatuuzi baga," alisema. "Ardhi ni yetu, huku na kule. Wewe ukiuza tunapata, mwingine akiuza tunapata."

Na fungu lao hulikata kwenye mauzo, si kwenye faida. Mimi nikila hasara, wao wameshashiba. Hata viazi sharti ninunue kwa wanaowataka wao. Sasa ananibembeleza nichukue na ule mgahawa wa pili. Niliona kinyaa, Mama, nikatoka bila kumpa mkono.

Mwanao,
Rhonda

Shambani, 20 Machi

Rhonda mwanangu,

Goti linauma lakini natembea, Mungu ashukuriwe. Wewe unakula kweli? Barua yako imeninyima raha. Kanisani kila mtu anajua binti yangu ana mgahawa. Nitawaambia nini kwenye kahawa ya Jumapili? Biashara haikosi misukosuko. Chukua huo wa pili. Ukiwa nayo yote miwili, utashindana na nani? Nimeshaongea na benki, shamba la marehemu baba yako litakuwa dhamana. Alhamisi ijayo naenda kutia sahihi.

Mama yako

Ottumwa, 24 Machi

Mpendwa Mama,

Nakuombea nafuu. Tafadhali usitie sahihi. Jana nilirudisha funguo za mgahawa. Majiko, viti, vyote vimebaki; nimetoka na koti langu tu. Prewitt alikuwa ameshaleta wengine wa kushika mahali pangu, mume na mke kutoka Des Moines, wanapigwa picha mlangoni. Akaniomba, kwa sauti tamu, niwaeleze biashara ilivyo nzuri.

"Mkiuza sana, watamfungulia mtu mwingine mgahawa hapo jirani," nikawaambia. "Mkiuza kidogo, wataleta watu wengine. Jasho ni lenu, ardhi ni yao."

Mume akatazama chini. Prewitt akacheka, akasema wapo wasioiweza kazi, akawasogezea kalamu. Wakasaini wote wawili. Mke alikuwa na swali moja tu kwangu: kama sare ya bluu ipo ya saizi yake.

 Nikamwonyesha kabati, nikaondoka.

Mwanao,
Rhonda