Karatasi ya T4

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya kilo. Mstari mrefu kama kawaida, watoto wanalia kabla hata hawajaguswa. Exaucé wangu ana miezi minne: kilo saba na kidogo. Muuguzi akamsifu. Halafu akaniambia nipande na mimi kwenye mzani wa wakubwa. Hakunieleza kwa nini. Nadhani aliniona tu.

Cinquante et un. Hamsini na moja. Nilipotoka maternité baada ya kujifungua nilikuwa soixante-trois, sitini na tatu. Akagonga mzani kwa kidole, akanipandisha tena. Cinquante et un.

Nakula. Niandike hapa, maana nimechoka kubishana kwa mdomo: nakula. Asubuhi uji wa mtama, mchana fufu na sombe ya majani ya muhogo, jioni fufu tena, na katikati naiba maharage kwenye sufuria. Hata mume wangu Faustin, mwanamume mzima anayebeba magunia, hali hivyo.

Muuguzi kaniandikia nionane na daktari. Wiki ijayo.

Alhamisi, 6 Februari

Sketi ya kufundishia imezunguka mwilini, zipu ikaja mbele. Pini mbili. Wanafunzi wangu wa mwaka wa nne hawaoni makosa ya kuzidisha, lakini pini waliziona kabla sijaandika tarehe ubaoni.

Mama mkwe hana amani. Yuko nasi hapa mtaa wa Lumumba tangu walipokimbia vita kule Djugu, na tangu nijifungue jiko ni lake. Mzazi akikonda, aibu inamwangukia aliyempikia. Ndivyo anavyoamini, na nusu ya mtaa inaamini pamoja naye. Kwa hiyo ananilisha kwa hasira. Leo alisema mbele ya jirani: "Uyu mutoto iko nakula mama yake. Maziwa inamumaliza. Mumuachishe kunyonya." Jirani akatikisa kichwa kwa huruma. Nilitamani kumrushia mwiko.

Moyo unanienda mbio hata nikiwa nimekaa. Jasho. Mikono inatetemeka kidogo. Uchovu.

Sitaki kuandika ninachofikiri. Basi niandike: marehemu dada yangu Espérance naye alianza na pini kwenye sketi.

Jumatatu, 10 Februari

Faustin kaondoka alfajiri kwenda Marabo kununua maharage na muhogo. Kila wiki ni hivyo, analala huko hadi Ijumaa. Nimekwenda kwa daktari peke yangu na mtoto mgongoni.

Daktari ni kijana, ana haraka, lakini si mkali. Je, nasikia joto wakati wengine wanasikia baridi? Ndiyo. Nalala vizuri? Hapana. Moyo? Unakimbia. Akaniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ikacheza. Akasimama nyuma yangu, akanipapasa shingo, akaniambia nimeze mate. Espérance pia walikuwa wanampapasa shingo. Akaangalia cheti changu cha kliniki ya mimba, pale palipoandikwa VIH négatif, yaani sina virusi vya UKIMWI, akanirudishia. Akaandika. "Tutafanya examen ya damu, mama. Tutajua." Wakati huohuo wakaingiza mtoto mwenye degedege, daktari akatoka mbio.

Nilisoma karatasi koridoni. NFS. Glycémie, ya sukari. TSH. T4.

Hiyo TSH siijui, wala sikujisumbua nayo. T4 naijua sana. Miaka mitano nilimsindikiza Espérance kwenye matibabu ya VIH, na kila miezi sita swali lilikuwa moja: T4 ngapi? Ndiyo askari wa mwili. Zikipanda tulinunua samaki, zikishuka tulirudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna anayehesabiwa T4 akiwa mzima. T4 wanahesabiwa wale ambao jibu lao la kwanza limeshajulikana.

Kwa hiyo hakuandika VIH. Ameruka swali la kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye la pili. Ameona shingoni, ameona mikononi, kanihurumia.

Mlango wa laboratoire ulikuwa wazi. Niliupita, nikatoka nje.

Jumanne, 11 Februari

Karatasi iko ndani ya kitabu cha calcul, cha hesabu. Hakuna anayekifungua kitabu hicho kwa hiari yake.

Nimefundisha. Nimesahihisha. Sikumbuki nimesahihisha nini.

Cheti cha négatif ni cha mwezi wa sita wa mimba. Baada ya hapo Faustin amelala Marabo usiku mwingi kuliko hapa. Nimeshaandika. Basi.

Ijumaa, 14 Februari

Karudi. Kaleta mkungu wa ndizi, kamrusha Grâce juu mara tatu. Grâce ana miaka mitano, kwake baba akirudi ni sikukuu. Mimi nilimwangalia kama mkaguzi wa shule. Shati kalifua nani? Kwa nini kanyoa ndevu? Kila kitu kina jibu, na kila jibu nililitia shaka.

Akauliza, "Mama Grâce, dokta alisema nini?"

Nikasema, "Eti nina damu kidogo."

Akasema ah, bon. Hakuuliza la pili. Na mimi nikakasirika kwamba hakuuliza. Halafu akaenda kukaa nje peke yake, yeye asiyependa kukaa peke yake.

Jumapili, 16 Februari

Leo nimefanya jambo baya. Niliandike jinsi lilivyo.

Kanisani Exaucé alitaka kunyonya. Nilifungua blauzi, halafu nikafikiri: kama ninayo, namnywesha. Nikafunga vifungo. Alilia hadi tukatoka nje. Nyumbani nikamwambia mama mkwe kwamba nakubali, mtoto aachishwe. Akafurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Akakoroga maziwa ya kopo, akamnywesha kwa kijiko kidogo. Exaucé akatema. Akamnywesha tena. Akatapika.

Mchana wote nilikaa chumbani na kitambaa kifuani, maziwa yanatoka yenyewe, yanalowesha kila kitu. Matiti yamekuwa mawe. Mtoto analia upande wa pili wa ukuta, na mimi nazuia kwa mikono yangu kitu kilicho chake. Saa kumi nikashindwa. Nilimchukua, nikamnyonyesha huku nalia. Mama mkwe aliona, akarudi jikoni bila kusema.

Faustin alikuwa mlangoni. Nyumba yetu imejaa watu wasiosema.

Jumatano, 19 Februari

Jana na juzi sikuandika. Namnyonyesha, namwachisha, namnyonyesha. Anatapika, anaharisha. Amepungua na yeye sasa.

Leo ubaoni mkono ulikataa. Niliandika namba tano ikatoka kama nyoka. Wakacheka, halafu wakainamia madaftari wote pamoja. Kule kuinama ndiko kulikoniuma. Niliwapa zoezi, nikakaa, nikafikiri vizuri kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu.

Niliwaza hivi. Kama sina, namuumiza mtoto bure. Kama ninayo, ameshanyonya miezi minne, na kila siku ninayoficha karatasi kwenye kitabu ni siku ambayo hapati dawa. Kwa njia zote mbili, anayeumia kwa woga wangu ni Exaucé. Hakuna njia ya tatu. Nimeitafuta sana.

Espérance alichelewa mwaka mzima kwa sababu hakutaka kujua. Nilimgombeza siku zote kwa hilo, hata alipokuwa kitandani. Leo namuomba msamaha.

Kesho naenda. Naogopa, lakini naenda.

Alhamisi, 20 Februari

Nilimwomba daktari afunge mlango. Nikaweka karatasi mezani, nikaweka kidole juu ya T4. Nikamwambia, dokta, usinifiche. Kama umeona ninayo, sema. Mimi dada yangu nilimuhesabia hizo T4 miaka mitano.

Aliangalia karatasi. Aliniangalia mimi. Nilingoja acheke, ningemchukia. Hakucheka. Akavuta kiti chake upande wangu wa meza.

"Hapana, mama. Iyi ni T4 ingine. Iyi ni ya thyroïde, kidude cha hapa ku shingo. Ile ya dada yako na hii zinagawana tu jina."

Kidude hicho, akasema, ndicho kinachouambia mwili uende mbio au pole. Baada ya kuzaa, kwa wanawake wengine, kinavimba kidogo na kumwaga dawa yake kupita kiasi. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka, chakula kinaungua kabla hakijakaa mwilini. Hana uhakika bado. Ndiyo maana ya examen. Nilimuuliza kwa nini hakueleza siku ile. Akasema, "Ni kosa yangu," na sikuwa nimezoea kusikia hivyo kutoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe.

Halafu nikamwambia kuhusu maziwa. Hapo ndipo alipokunja uso. Akasema hata mama mwenye VIH, akinywa dawa zake vizuri, ananyonyesha. Nirudishe titi leo, sasa hivi, hapahapa. Nilimnyonyesha ofisini mwake.

Wakanitoa damu, vichupa vitatu. Ya shingo inapelekwa mbali, itachukua wiki. Na VIH niliomba mwenyewe. Hakuna aliyeniandikia. Nilitaka kuingia kwenye mlango ule kwa miguu yangu.

Robo saa kwenye benchi. Nilisoma tangazo la chandarua mara ishirini.

Négatif.

Nililia, halafu nikasikia njaa kali sana. Halafu, njiani, aibu. Siku kumi nilimshitaki mume wangu kichwani, nikamhukumu, nikamkatia rufaa, nikamhukumu tena. Yeye alikuwa analeta ndizi.

Ijumaa, 21 Februari

Nimemwambia yote. T4, kitabu cha calcul, Marabo, wanawake niliombunia kichwani. Tulikuwa tumekaa kwenye godoro, Exaucé katikati. Nilimwambia nisamehe, Papa Grâce.

Hakusema nakusamehe wala sikusamehe. Alitoa pochi, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kituo cha afya cha Marabo. Dépistage, kipimo cha VIH. Tarehe 13. Négatif.

Jina lililoandikwa si lake. Jina la baba mdogo wake aliyefariki.

Alisema, "Niliona weye unakonda. Nikajiuliza, ni mimi? Nikaenda kupima, nikadanganya jina. Wakaniambia niko muzima. Nikafurahi. Halafu nikafikiri: kama si mimi niliyeleta, basi ni nani?"

Akakikunja tena kikaratasi. Akamaliza: "Siku nane nilikuwa nakufikiria mubaya."

Siku nane. Siku hizohizo nilizokuwa namfikiria yeye. Tulikula sahani moja, kila mmoja akimchungulia mwenzake. Nilitaka kucheka. Badala yake nilikasirika hadi masikio yakawa ya moto. Mimi! Mwenye pini kwenye sketi, mtoto titini, madaftari arobaini na nane ya kusahihisha. Ningempata wapi huyo mwanamume, na saa ngapi?

Na yeye angeweza kusema hivyohivyo kuhusu magunia yake. Hilo najua. Halinisaidii.

Jumapili, 23 Februari

Kanisani tulikaa benchi moja, Grâce katikati. Mama mkwe anadhani tumegombana kwa sababu ya maziwa. Amekuja mwenyewe na uji, akaniambia nimnyonyeshe mtoto nikitaka, yeye hatasema tena. Nilimweleza kuhusu kidude cha shingo. Akanishika koo kwa vidole viwili, polepole, kama anayechagua parachichi. Akauliza, "Sasa si chakula yangu?" Nikasema hapana, mama, si chakula chako. Akakaa chini na kufuta macho. Kumbe alikuwa amebeba hilo peke yake siku zote.

Ile karatasi ya Faustin nimeifikiria sana. Ina jina la marehemu. Yeyote angeweza kuwa nyuma ya jina lile. Nikitaka kutomwamini, nafasi ipo. Sijui nataka nini.

Jumatatu, 24 Februari

Hakwenda Marabo. Alisema barabara mbaya. Barabara ni kavu kabisa.

Ijumaa, 28 Februari

Matokeo. TSH chini kabisa, T4 juu. NFS, hesabu ya damu, na sukari vizuri. Daktari anasema dalili zote zinaelekea pale alipofikiri: shingo imechokozwa na uzazi. Mara nyingi hutulia yenyewe baada ya miezi. Mara nyingine huenda upande mwingine, mtu akaanza kunenepa na kusinzia, kwa hiyo lazima nipime tena baada ya wiki sita, hata nikijisikia vizuri. Kuna vidonge vya kupunguza mbio za moyo, na kuvinywa hakunizuii kunyonyesha. Niliuliza mara mbili. Faustin, aliyekuwa amekaa karibu nami, akauliza mara ya tatu.

Tulipotoka niligeukia lango. Nilidhani tunaondoka, lakini yeye akasimama mbele ya chumba cha dépistage, akakunja mkono wa shati. Hatukuwa tumepanga. Muuguzi akauliza jina. Akalisema lote, la baba na la ubatizo, kwa sauti, watu wa benchi wakasikia.

Tulingoja robo saa. Exaucé alicheza na vifungo vyangu.

Muuguzi alitoka, akanyoosha karatasi upande wangu, kwa vile niliketi karibu na mlango. Nilimwambia ampe mwenyewe.

Faustin aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Sikuuliza; lile jina alilolisema kwa sauti lilinitosha. Tulirudi kwa miguu, vumbi jingi, yeye akiwa amembeba mtoto.