Picha ya Shija Akicheka

Alhamisi, 1 Agosti 1985

Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano mpaka macho yanauma. Kisha stoo ninamosafishia picha: blanketi dirishani, mabeseni ya dawa, joto la kuoka mtu. Nimesafisha picha moja tu. Mwanamke anateka maji. Si nzuri, lakini karatasi ni chache na mjini hazipatikani.

Keshokutwa tunabadilishana picha nyumbani kwa Bi Zuhura, muuza vitenge. Kila mtu analeta moja, anaondoka na ya mwenzake. Kwa nini huwa nakubali kuandaa mambo haya? Nimechoka na hata hayajaanza.

Jumamosi, 3 Agosti

Mwenzetu Masanja kachelewa kwenye kubadilishana. Basi la Mhunze liliharibika njiani.

Mwaka jana watu waligombania picha, mmoja akachukua yake akaondoka, tukanuniana miezi. Leo nimeweka sharti. Tunaokota vikaratasi vya kura, na ukishapata, hakuna kurudishana. Wote wamekubali.

Pius, mganga wa zahanati ya Rwamgasa, kaleta picha ya kijana anayetoka duarani, yale mashimo yao ya dhahabu. Tope mpaka kwenye kope. Anacheka, pengo la mbele liko wazi. Anaitwa Shija. Tuliisogelea wote.

Niliitaka mno. Kaipata Bi Zuhura. Mimi nimepata picha ya Masanja ya ng'ombe, hata kichwa kimeachwa nje. Naona wivu. Basi.

Bi Zuhura kaitia kwenye fremu pale pale, kaitundika ukutani. Kasema, "Ukutani kwangu kumejaa marehemu. Angalau nimepata mmoja aliye hai."

Jumatano, 7 Agosti

Mwanangu Doto ana homa. Pacha wake Kulwa naye kaanza kukohoa. Shuleni hakuna chaki. Sijagusa kamera.

Jumamosi, 10 Agosti

Pius kafika bila taarifa, vumbi tupu. Duara limeporomoka mwanzoni mwa wiki. Shija alikuwa ndani.

Walimtoa kesho yake na kumzika huko huko. Mama yake alifika kaburi limeshafunikwa. Hakumwona. Nyumbani kwake, kijijini huko Kishapu, hakuna hata picha moja ya mwanawe. Kasikia kwamba mganga aliwahi kumpiga picha, anaiomba.

Nikamwambia Pius asafishe nyingine. Negativu, ile filamu yenyewe, hana. Mende wameila. Kaniambia huku anatazama sakafu.

Kwa hiyo ipo ile moja tu, ukutani kwa Bi Zuhura. Na sharti ni langu.

Jumatatu, 12 Agosti

Baada ya shule nimepita kwa Bi Zuhura. Nilidhani nikimweleza tu, ataitoa. Kaniambia hapana. Si kwa ukali.

"Kila asubuhi nikifungua dirisha ananichekea. Mimi naishi peke yangu, Mama Kulwa. Na wewe ndiye uliyesema hakuna kurudishana."

Nikaaga. Nimemchukia njia nzima. Nilipofika nyumbani nikajichukia mimi.

Jumatano, 14 Agosti

Bi Zuhura karuhusu niipige picha ile picha. Nimeipeleka uani penye mwanga, nimeiegemeza kwenye kinu. Nilikuwa na filamu kidogo kwenye kamera, nimeimaliza. Sijala tangu asubuhi.

Alhamisi, 15 Agosti

Imetoka ya kijivu. Nimejaribu tena, nikaiacha kwenye dawa muda mrefu zaidi. Sasa nyeusi. Tope na uso havitofautiani. Karatasi zimekwisha. Itabidi ile ya kijivu itoshe.

Jumamosi, 17 Agosti

Mama Shija, aliyeelekezwa kwangu na Pius, kaja na lori la pamba. Mwembamba, miguu imepasuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa chini japokuwa nilimpa kiti. Nikampa ile ya kijivu.

Kaitazama. Kaigeuza nyuma, kaigeuza tena mbele. Kaniuliza kwa upole, "Huyu ni nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaichukua tena, nikajifunga kanga, nikamwambia twende.

Kwa Bi Zuhura hakusubiri kukaribishwa. Alikwenda moja kwa moja ukutani. Hakulia. Aliweka kidole kwenye lile pengo.

"Ng'wanone," kasema. Mwanangu. Kisha kwa Kiswahili, kwa ajili ya mwenye nyumba: "Ndama alimpiga teke. Alikuwa mdogo. Alilia, halafu akamcheka yule ndama."

Akacheka na yeye. Kicheko kile kile.

Bi Zuhura alipanda kwenye kigoda akaitoa, na fremu yake. Akaifunga kwa kitenge kipya cha dukani. Alipomkabidhi walishikana mikono muda mrefu. Mimi nilisimama mlangoni kama mgeni.

Mama Shija alipoondoka, Bi Zuhura akaniomba ile ya kijivu.

"Haonekani vizuri," nikamwambia.

"Mimi namjua alivyo."

Nimerudi nyumbani. Sijisikii vizuri wala vibaya. Miguu inauma tu.

Alhamisi, 22 Agosti

Masanja kaandika, anauliza tutabadilishana tena lini. Sijamjibu. Watoto wamepona. Nimefua siku nzima.

Jumapili, 25 Agosti

Pius kapita akitokea hospitali ya mkoa kuchukua dawa. Tumekunywa chai nje.

Anasema wachimbaji sasa wanamjia zahanati kabla ya kushuka. Si kwa ugonjwa. Wanataka kupigwa picha. Wananawa uso kwanza, wanachana nywele, wanasimama wima kama askari. Hakuna anayecheka. Kila mmoja anataja jina la mama yake na kijiji chake, kisha anakwenda duarani.

Kasema ni picha mbaya kuliko zote alizowahi kupiga.

Nimemwambia apige hivyo hivyo.

Tukakaa. Upepo ulikuwa mdogo. Kalala kidogo kwenye mkeka kabla ya basi lake, nami nikamwacha alale.